Kumtazamia Biharusi Nchi: Kilosa na Mikumi

Mwenzetu anaolewa Kilosa, na kwao hawalali. "Bara, tena karibu na pori la tembo!" Basi tukaona, kabla mwari hajaingia ndani kutiwa singo, twende wanne tukaione nchi kwa macho yetu. Bwana harusi alikuwa safarini, na ndivyo tulivyotaka. Hatukwenda kumtazama yeye.

Boti mpaka Dar es Salaam, kisha treni ya SGR mpaka Kilosa. Masika yalikuwa yamekwisha karibuni, milima kijani kitupu. Tulipokuwa tunatafuta nyumba ya wageni ikaadhiniwa Magharibi. Biharusi akasema polepole, "Kumbe msikiti upo karibu."

Kesho yake Mikumi, wilaya hiyo hiyo. Wengi huiona hifadhi kwa dirisha la basi, maana barabara kuu ya Iringa inaikata katikati. Sisi tuliomba kutembea kwa miguu, na hapo huendi bila askari wa hifadhi mwenye bunduki.

Cherehani yetu ndiyo iliyotufaa. Mbung'o hupenda nyeusi na buluu. Hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Sisi wa Unguja tumeshamsahau, kwetu alimalizwa miaka ya 1990 kwa kuachiwa madume yaliyofanywa tasa. Kwa hiyo buibui tuliyaacha nyumba ya wageni. Tulishona majuba ya khaki, pamba tupu, mapana chini ili mguu ufunguke, mikono yenye vifungo, na mitandio ya rangi ile ile. Udi na manukato hatukutia. (Shoga mmoja alinung'unika njia nzima.)

Tukaenda mstari mmoja, kimya. Ndani ya nyasi maua ya manjano, ya zambarau, na mkalamu, mwekundu kama ulimi wa moto. Biharusi akanyoosha mkono, kikuba kilimjia akilini. Askari akasema, "Dada, hapa halichumwi hata jani." Na mkalamu wenyewe una sumu.

Twiga tuliwaona, na pundamilia. Kisha askari akainua mkono, tukaganda. Tembo, majike na watoto, wakivuka mbali upande upepo unakotoka. Akatueleza kwa kunong'ona kuwa hao ni mama, dada, mama wadogo na binti; jike hubaki na kwao maisha yote, dume ndiye anayeondoka akikua.

"Wenzetu hawaolewi mbali," biharusi akasema. Tukacheka, yeye akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Hatukumwambia neno. Tulimshika mkono tu mpaka tembo wakapita.

Adhuhuri na Alasiri tulizisali pamoja chini ya mti, rakaa mbili mbili za msafiri, askari ametupa mgongo akitazama nyasi.

Jioni alimpigia mama yake. Alianza na msikiti, akaja kwenye treni, tembo hakuwataja. Halafu akatugeukia: katika sanduku lake tumuongezee majuba mawili ya khaki, na moja la saizi ya mama, akija kumtembelea.