Nunua Begi la Kurudi Nalo

Wasee, tuongee ukweli kuhusu mabegi ya mgongoni. Wengi wetu tunayanunua yakiwa tupu, ndani ya duka lenye feni, tukijitazama kwa kioo. Halafu tunayapeleka Longonot na kushangaa mbona mabega yanawaka moto kabla ya saa sita. Maoni yangu ni haya: kama unataka begi la mlimani litakalodumu, nenda Gikomba au Toi utafute lile lililoshonewa mwindaji wa Marekani.

Ndio, mwindaji. Najua Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, na ukipatikana leo na swara kwa begi utamweleza hakimu. Siongelei kuwinda. Naongelea begi lenyewe, kwa sababu aliyelibuni alijiuliza swali ambalo sisi tukinunua hatujiulizi: huyu mtu atarudi na nini?

Chukua mwindaji wa Colorado. Asubuhi anapanda na maji, chakula na koti. Akiangusha elk, yule kulungu mkubwa wa huko, nyama lazima itoke msituni kwa mgongo. Anaikata vipande na kuibeba kwa safari kadhaa, kila safari mzigo mzito kuliko ule aliokuja nao, na mwenyewe ashachoka. Ndio maana begi lake lina fremu ngumu, mkanda mpana wa kiuno na mishono iliyorudiwa. Limeshonewa safari ya kurudi.

Sisi haturudi na nyama, lakini safari ya kurudi tunayo. Kuna siku mvua ilitupata Aberdare, kwenye mianzi ya Elephant Hill. Tukiteremka, mkanda wa begi la rafiki yetu mmoja ukakatika. Begi jipya, la duka, rangi bado safi. Hakuna aliyemcheka. Tuligawana vitu vyake: mimi nikachukua maji na jiko la gesi, dada mmoja akatia vilivyobaki kwa begi lake la shule. Langu la mwindaji lilipokea huo mzigo na kunyamaza. Yeye alifika Njabini mabega yana mistari myekundu, na hakuwa na kosa lolote. Begi bovu haliumizi mwenyewe peke yake. Kuna mwingine atalipia.

Mtaniambia, si Mlima Kenya kuna wapagazi? Wapo, na kazi yao naiheshimu sana. Lakini huo mgongo pia ni wa mtu. Ukimpa begi lisilo na mkanda wa kiuno alipandishe hadi kambi iliyo zaidi ya mita 4,000, wewe ndio umeamua aumie. Ati kwa sababu rangi ilikupendeza?

Sasa, ukifika sokoni, anza na kiuno. Mkanda ukae juu ya mfupa wa nyonga, si kwa tumbo. Ukifungwa vizuri, uzito mwingi unashukia hapo na miguu inabeba. Mikanda ya mabega inabaki na kazi ya kuzuia begi lisiyumbe. Kisha pima mgongo, kutoka ule mfupa unaotokeza shingoni ukiinamisha kichwa hadi usawa wa juu wa nyonga. Kuna watu warefu wenye mgongo mfupi, kwa hivyo usidanganywe na kimo chako.

Halafu litie mzigo. Mitungi miwili ya maji ya lita 5 ni kilo 10. Kama huna mitungi, omba muuzaji ajaze jinzi. Zunguka soko dakika kumi. Wangu aliniambia, "Kastoma wangu, tembea tu, lakini viatu uache hapa." Niliazima ndara zake nikazunguka. Dakika kumi na mzigo zitakuambia mengi kuliko kioo.

Mtumba una mitego yake pia, hata ule wa kamera. Ingiza mkono ndani: kama kitambaa kinanata au kinababuka, ile tabaka ya kuzuia maji imekufa. Bonyeza sponji ya mkanda. Isiporudi juu, imechoka. Fungua na ufunge kila zipu. Vuta kwa nguvu pale mikanda inapoungana na begi, maana hapo ndipo hukatika. Klipu iliyovunjika fundi atabadilisha. Fremu iliyopinda, achana nayo hata ukipewa kwa soo mbili.

Na si kila kitu cha mwindaji kinatufaa. Mabegi mengine yake yana kitambaa laini kama cha blanketi, ili yasipige kelele yakigusa matawi. Kwa mvua ya Aberdare hicho kinakunywa maji na kuongeza uzito. Tafuta nailoni ngumu. Ukiona 500D kwenye lebo, hiyo ni namba ya unene wa uzi, na inastahimili miba na mawe. Pia wacha yale ya madoadoa ya kijeshi. Hapa kwetu raia kuvaa kitu kinachofanana na sare ya jeshi ni kosa, na sidhani unataka kumweleza askari barabarani kwamba begi si nguo.

Angalia mifuko ya pembeni pia. Tangu Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi kwenye mbuga na misitu iliyohifadhiwa, kwa hivyo chupa yako ya maji itakuwa ya chuma au ya kudumu, na ni nene. Isipoingia pembeni, utaibeba kwa mkono siku nzima.

Langu lilinitoa thao mbili na soo nane. Kwa hizo doo ningepata jipya linalong'aa kwa picha, na sina ubaya na picha, ndio kazi yangu. Lakini picha tunapiga tukienda. Tukirudi hakuna anayepiga, miguu inatetemeka, giza linaingia, na mwenzako anaweza kuhitaji ubebe kitu chake. Nunua begi litakaloweza saa hiyo.