Barua kutoka Buffalo: Karatasi Iliyokunjwa

Dada yangu,

Hapa Buffalo ni Julai, jua linazama karibu saa tatu za usiku na watoto wa jirani bado wanapiga mpira nje. Sauti yako nimeipata, ile ya kunilaumu kwamba mwezi mzima sisemi. Nakujibu kwa maandishi kwa sababu jambo lenyewe ni refu, tena linakuhusu wewe mwenye miaka ishirini na sita ya chaki kuliko mimi mwenye wiki tano.

Nimepata kazi ya mwalimu msaidizi kwenye kambi ya kiangazi ya watoto wenye ADHD. Usifikirie mahema na moto wa kuni. Ni majengo ya shule iliyofungwa kwa likizo. Tunawapokea saa mbili asubuhi na kuwarudisha kwa wazazi saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Sehemu kubwa ya siku ni michezo, na katikati yake kuna saa mbili hivi za darasa. Hapo ndipo nilipo mimi.

ADHD ndiyo ile hali ya mtoto kushindwa kutulia, kushindwa kusubiri, au kuwa na akili inayoruka kabla sentensi haijaisha. Huku si jambo la wachache. Takwimu za serikali ya Marekani za mwaka 2022 zinasema watoto wapatao milioni 7 wa miaka 3 hadi 17 wamewahi kuambiwa na daktari kwamba wanayo. Utafiti wa mapacha umeonyesha kwamba kwa kiasi kikubwa ni ya kurithi. Wengine humeza dawa, wengine hapana. Hilo ni la daktari na wazazi wao.

Mfano tunaoufuata ulianzishwa na mwanasaikolojia William Pelham mwaka 1980, huko Chuo Kikuu cha Florida State. Baadaye alifanya kazi miaka mingi hapahapa Buffalo kabla ya kuhamia Miami, na alifariki mwaka 2023. Aliona kwamba mtoto wa namna hii hasaidiki sana kwa kuketishwa mbele ya mtaalamu saa moja kwa wiki. Afundishwe palepale tabia inapotokea: uwanjani, mezani, kwenye foleni ya maji.

Ukutani tuna kanuni saba. Baki kwenye kiti chako. Inua mkono. Fanya kazi kimya. Na nyinginezo za namna hiyo, ambazo wewe umezisema mpaka sauti ikakauka. Kila mtoto anaanza kipindi akiwa na pointi zake, na akivunja kanuni zinapungua. Namtaja jina, nataja kanuni, nataja pointi zilizokwenda, nanyamaza. Dada, huko kunyamaza ndiko kulikonishinda. Sisi tulikolelewa kila kosa lina hotuba yake. Wiki ya kwanza nilimwambia mtoto, “Nimekwambia mara ngapi?” Mwalimu wa darasa akaniita pembeni, akaniuliza kwa upole nilitaka anijibu nini. Nilikosa la kusema. Mtoto alikwishasahau kanuni yenyewe. Kilichombaki kichwani ni uso wangu.

Na sifa pia zina namna yake. “Vizuri sana” haitoshi, kwa kuwa mtoto hajui ni kipi alichofanya vizuri. Nasema, “Umeinua mkono, na umesubiri nikakuita.” Nasema papo hapo. Kwa watoto hawa zawadi ya mwisho wa muhula iko mbali kama mwezini.

Yuko mvulana mmoja wa miaka tisa. Nitamwita Chiriku, maana hanyamazi. Wazazi wake ni watu wa Kivu Kusini, walipitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, huko kwetu Tanzania, kabla ya kuletwa huku. Siku moja alipewa karatasi ya hesabu ishirini za kutoa. Akafanya mbili. Penseli ikaanguka, akaifuata chini ya meza, huko akaona kamba ya kiatu, akaifungua, akaifunga, akaomba kwenda chooni. Nikainama nimwelekeze hesabu ya tatu. Mwalimu akanitangulia. Akaichukua ile karatasi, akaikunja mara mbili, zikabaki hesabu tano tu zinazoonekana. Akaiweka mezani bila neno, akaondoka.

Chiriku akaitazama. Akafanya tano zote, ulimi ukiwa pembeni ya mdomo. Kisha akanivuta mkono, akaninong’oneza kwa Kiswahili cha kwao: “Mwalimu, minamaliza.” Yaani amemaliza. Nikafungua mkunjo mmoja, zikatokea tano nyingine. Siku ile alimaliza ukurasa mzima.

Jioni mama yake alipokuja kumchukua alinishika kiganja, akaniuliza polepole mtoto asisikie, “Mtoto yangu ana wazimu?” Nilimwambia hana. Nikamwonyesha kadi tunayompa kila siku, ina malengo matatu tu, na kila lengo lina ndiyo au hapana. Zikipatikana ndiyo mbili, mama anampa kitu usiku uleule: dakika ishirini za mpira, au kuchagua chakula. Sasa kadi hizo zimepangwa kwenye mlango wa friji yao. Alinitumia picha.

Najua utakachosema. Huku tuna watoto kumi na wawili na watu wazima watano, wewe una themanini na dirisha lisilo na kioo. Ni kweli, na sitaki kukufundisha kazi yako. Lakini karatasi hukunjika hata huko kwako Muheza, na kumtaja mtoto kwa alichofanya sawa hakuhitaji bajeti. Yupo mmoja darasani mwako wa kujaribia hayo, najua yupo. Labda ni yule binti wa nyuma anayetazama nje siku nzima, ambaye hamsumbui mtu na kwa hiyo hakuna anayemwona. Huku pia mabinti kama huyo wanasahaulika, wavulana wa fujo ndio wanaotangulia kuonwa.

Lililonifanya niandike ni mdogo wetu. Unakumbuka tulivyomfunga kwenye kiti kwa kanga ya Mama ili amalize jedwali la saba? Tulidhani tunamsaidia. Shuleni alikuwa anachapwa kwa kusimama, nyumbani tukamfunga asisimame. Darasa la sita akaacha. Leo ni fundi wa pikipiki, anafungua tano kwa mpigo na kila mteja anamngoja, na mkono wake hauna mfano.

Jumapili nilimpigia. Nikamwambia tumekosa, mimi na wewe, kwa ile kanga. Alikaa kimya, jambo ambalo silikumbuki kwake. Halafu akasema, “Lakini lile jedwali nilikuwa nalijua. Mlikuwa mnaniuliza taratibu mno.” Akalisema lote, kuanzia saba mara moja, bila kupumua. Halafu akahamia kwenye bei ya tairi.

Ukipita gereji kwake mpelekee chai. Mama mwambie dawa za miguu nimezipata, zinakuja na mtu mwezi ujao.

Mdogo wako.