Umeme wa Mwili na Ugonjwa wa Kifafa



Sisi wa Mnyuzi umeme si kitu kigeni kwetu. Mwaka 1964 maji ya Mto Pangani yalianza kuzungusha mitambo pale Hale, majirani zetu. Lakini ukimwambia mtu kuwa hata mwilini mwake mna umeme, atakucheka. Leo napenda tulitazame jambo hili, kwa sababu kutolijua kumewaunguza watoto wa watu.

Mishipa ya fahamu imefanywa kwa chembe hai ndogo sana. Kazi yake ni kupeleka habari. Ukikanyaga kaa la moto, habari hupanda mpaka uti wa mgongo, na mguu huondoka kabla hujafikiri. Habari hiyo huenda kwa umeme.

Umeme huo hutoka wapi? Hutoka katika chumvi. Onja jasho au machozi yako, utaisikia. Katika chumvi mna sodiamu, nayo hubeba umeme. Chembe ya mshipa hufanya kazi usiku na mchana kuitoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu, ambayo twaipata katika ndizi na maharage. Zikitoka sodiamu tatu, huingia potasiamu mbili. Kisha potasiamu kidogo huvuja tena nje. Hivyo umeme wa ndani hupungukiwa na ule wa nje kwa kadiri ya milivolti 70. Ni kama maji yaliyozuiwa na ukuta wa bwawa: yametulia, lakini yana nguvu.

Habari inapofika, vilango vidogo katika ukuta wa chembe hufunguka, sodiamu hukimbilia ndani, na umeme hugeuka. Mara vilango hivyo hufungwa, potasiamu hutoka, na utulivu hurudi. Yote hayo huchukua kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kilango kimoja humwamsha jirani yake, na habari husonga mbele. Waingereza wawili, Hodgkin na Huxley, waliyaeleza haya mwaka 1952 baada ya kupima mshipa mnene wa ngisi, jamaa ya ngisi tunaowaona Tanga.

Katika ubongo chembe hizo huzungumza kwa zamu. Kifafa ni pale zinapotoa umeme nyingi kwa pamoja, kama watu wa gulio zima kupiga kelele mara moja. Mgonjwa huanguka na kutetemeka. Povu lile ni mate tu; halimwambukizi mtu.

Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge mwaka 1960. Aliwakuta wagonjwa wenye makovu ya moto, kwa kuwa watu waliliogopa povu wakawaacha walipoangukia. Alipowapa dawa ya fenobabitali, wengi walipata nafuu.

Hofu hiyo hata kwetu ipo. Msichana mmoja aliangukia mafiga, majirani wakasimama mbali. Babu yake ndiye aliyemvuta, mkono ukiwa umekwisha kuungua. Nilipomwuliza kama hakuogopa, alinijibu, "Mwanangu karani, ningoje nini? Moto ulikuwa ukingoja?"

Basi, ukimwona mtu ameanguka, mwondoe penye moto au maji. Mlaze ubavu, weka nguo laini chini ya kichwa. Usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, wala usimkandamize. Degedege likipita dakika tano, au likirudi kabla hajapata fahamu, mpelekeni hospitali upesi.

Na mgonjwa aliyepewa dawa asiziache ghafla kwa kuwa amekaa miezi bila kuanguka. Dawa ndizo zinazoutuliza umeme ule. Akizikatiza mwenyewe, waweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Amwulize kwanza mganga wa hospitali.