Walioamka na Kichwa Kizito

Tabibu anayeandika kumbukumbu hizi alifanya kazi Njombe miaka mingi, na kila Juni ilipoingia alijua ni wagonjwa gani watakaofika asubuhi. Mji huo uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Baridi ikikaza, watu huingiza jiko la mkaa chumbani, huziba uwazi wa chini ya mlango kwa nguo kuukuu, wakalala. Wengi ni waangalifu kwa namna yao: hungoja nje mpaka moshi uishe na makaa yawe mekundu. Lakini kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na makaa yasiyo na moshi huendelea kuitoa usiku kucha.

Mgonjwa huja na kichwa kinachogonga, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu iliyolegea. Mwenyewe husema ni malaria. Huenda, ila Njombe ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa Tanzania, na kipimo kikitoka hasi haifai kumpa dawa ya maumivu na kumrudisha chumba kilekile. Hapo tabibu alianza kuuliza.

“Mama, jana mliota moto wapi?”

“Ndani, daktari. Baridi ilikuwa kali mno.”

“Na wenzako wameamkaje?”

“Huyu mdogo katapika. Baba yao naye kichwa kinamuuma.”

Watu wa nyumba moja kuumwa kichwa kwa pamoja, bila homa, ni dalili nzito kuliko nyingi zilizomo vitabuni. Nyingine ni nafuu inayokuja mtu akiwa shambani na kutoweka akirudi ndani. Majibu mawili ya namna hiyo yalimtosha kuamua kwamba mgonjwa apimwe.

Apimwe kwa kipimo gani, ndilo suala. Kile kifaa cha kubana kidoleni kinachoonyesha kiwango cha oksijeni humdanganya muuguzi. Kaboni monoksidi hushikamana na hemoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwanga wa kifaa hauwezi kuzitofautisha; hivyo mtu anayekosa hewa husomeka asilimia 98. Tabibu aliwakataza vijana wake kumruhusu mgonjwa kwa kuitegemea namba hiyo. Kipimo cha kweli ni cha damu, kwa mashine inayotenganisha aina za hemoglobini, na damu ya vena inatosha, bila kumtoboa mtu ateri. Asiyevuta sigara, hemoglobini yake iliyoshikwa na kaboni monoksidi ikizidi asilimia 3 au 4, kuna jambo. Kwa mvutaji, mpaka huwa kama 10.

Mashine hiyo iko hospitali kubwa tu. Kwa hiyo alichukua damu mapema, akaweka oksijeni papo hapo, ndipo akaandika rufaa. Katika hewa ya kawaida kiwango cha sumu hiyo katika damu hupungua nusu kwa saa 4 hadi 6. Kwa oksijeni safi, kwa saa moja na nusu au chini yake. Jibu dogo linalotoka alasiri halifuti yaliyotokea alfajiri.

Mwaka 1895 mwanafiziolojia John Scott Haldane alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kuvuta kaboni monoksidi. Alionyesha pia kwamba panya huathirika mapema kuliko mtu, kwa kuwa hupumua haraka zaidi. Watoto nao hupumua haraka kuliko wakubwa, ndiyo maana tabibu alimtazama kwanza aliyebebwa mgongoni. Mjamzito hakumngojesha hata akiwa na dalili hafifu, kwani hemoglobini ya kijusi huishikilia sumu kwa muda mrefu zaidi kuliko ya mama.

Kabla majibu hayajarudi, alimtuma mhudumu wa afya wa kijiji nyumbani kwa mgonjwa, afungue madirisha na kuwatoa waliobaki wamelala. Na aliyepona alimwambia arudi mara moja iwapo katika wiki zijazo ataanza kusahau mambo au kuyumba anapotembea, kwa maana ubongo huweza kudhurika baada ya siku nyingi za nafuu.