Kabuta, Usiku wa Giza

Umeniuliza nilifikaje Kabuta, mwanangu, na una haki ya kushangaa, maana kijana wa Mbeya hana njia ya kawaida ya kumfikisha ufukoni mwa Ziwa Mweru. Nilipelekwa na lori. Mwaka 1987 nilikuwa utingo wa gari lililobeba mizigo ya kikundi cha wamisionari: wauguzi wawili, mwinjilisti, fundi seremala, na mama mmoja mpishi aliyetushinda wote kwa ukali. Tulivuka mpaka Tunduma, tukapita Kasama, tukala vumbi hadi Mansa, kisha tukalifuata bonde la Luapula kwenda kaskazini, kupitia Mbereshi na Kashikishi. Zambia ya siku zile ilikuwa na uhaba wa sukari na hasira ya unga. Desemba iliyotangulia watu wa Copperbelt walikuwa wameingia barabarani kwa sababu bei ya unga ilikuwa imepanda zaidi ya maradufu, hata Rais Kaunda akalazimika kuirudisha chini. Ukiona foleni dukani ulijipanga kwanza, ndipo ukauliza kinachouzwa.

Kabuta uliinusa kabla hujaiona. Muhogo uliolowekwa ulikuwa ukitoa uchachu wake, na juu ya uchachu huo ikatanda harufu ya chisense, visamaki vidogo mithili ya dagaa wetu, vilivyoanikwa mchangani hadi macho yakachoka. Jioni ikiingia, harufu ya mafuta ya taa ilifunika zote. Wanaume walipampu karabai zao, wakasukuma mitumbwi majini, na jua likatua ng'ambo, kwenye Zaire ya Mobutu. Wachuuzi waliotoka huko walizungumza Kiswahili cha Katanga, nami nikajikuta mkalimani bila kuajiriwa. Kopo moja la chisense lilikuwa kwacha mbili tulipofika. Kabla mvua hazijaanza likawa tatu. Mche wa sabuni hukuutaja kwa sauti, maana wenye kuusikia walikuwa wengi.

Wauguzi wetu walitangaza matibabu saa mbili asubuhi. Wakaja akina mama na watoto, wakaja vikongwe, lakini wanaume hawakuonekana. Muuguzi mkubwa akaanza kunung'unika kwamba wavuvi hawa ni wakaidi. Ndipo akaja mzee mmoja wa mitumbwi, uso umekaushwa na jua, jicho moja lina mtoto, akakaa kwenye gogo na kutueleza taratibu. Chisense hufuata taa, na taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi. Kwa hiyo usiku wa giza kijiji kizima cha wanaume kiko majini mpaka alfajiri, na saa mbili asubuhi wamelala fofofo. Usiku kucha mbu wanawauma, na miguu yao hulowa maji yenye kichocho. Wagonjwa hasa ndio hao. Tena, akasema, vidonge vyenu vya klorokwini vinawawasha mwili mzima, na mtu anayejikuna hawezi kuvuta wavu. Basi mambo yakapangwa upya. Siku za giza tulishuka ufukoni alfajiri na masanduku ya dawa, mitumbwi ikiingia. Mwezi ukiwa mpevu ndipo mwinjilisti alipofanya mikutano yake, na seremala akapata vijana wa kumshikia mbao. Waliozidiwa tuliwapakia kwenye lori hadi hospitali ya misheni ya St. Paul, Kashikishi.

Mwinjilisti wetu alidhani analeta jambo geni. Yule mzee akamsikiliza kwa adabu, kisha akamhesabia: Livingstone alilifikia ziwa hili Novemba 1867, wamisionari wa London walikuwa Mbereshi tangu 1900, na ng'ambo ya maji, Luanza, mmisionari Dan Crawford alikaa mpaka alipofariki mwaka 1926. Crawford huyo ndiye aliyewahi kuishi Bunkeya kwa Msiri, mfalme mwenye asili ya Unyamwezi, kwa hiyo hata sisi wa Tanganyika hatukuwa wageni katika hadithi hiyo. Watu aliotaka kuwahubiria walikuwa wajukuu wa waliobatizwa. Ikabidi abadili hotuba.

Sadaka ya Jumapili ilikuja kwa makopo ya chisense. Noti zilikuwa zikishuka thamani kila mwezi, na hakuna aliyeona sababu ya kumpa Mungu kitu kinachopungua. Mama mpishi alipima, akatenga chakula chetu, na kilichobaki kikauzwa kwa wachuuzi wa Copperbelt kununulia dizeli. Ukiandika habari za wamisionari wale, mwanangu, waandikie sifa ya dawa na ya uvumilivu, kwani wanaistahili. Lakini andika pia kwamba ratiba yao ilipangwa na wavuvi, na kwamba dizeli iliyowabeba wagonjwa hadi Kashikishi ilitoka kwenye nyavu za Kabuta.