Jumamosi Zetu na Mwenzetu Aliyekuwa Edani

Wanawake wengi wa mji wetu wa Mombasa wanaijua saa ile ya Alhamisi usiku, baada ya Isha, watoto wamelala na vyombo vimeoshwa, simu zinapoanza kulia kwa swali moja: "Jumamosi mna nini?" Swali ni dogo, na majibu yake ni madogo pia. Huyu amealikwa harusi ya jirani, yule ana mapazia ya kufua, mwingine amesikia kwamba leso mpya zimeshuka barabara ya Biashara. Katika shughuli zote hizo hupatikana saa mbili za alasiri zisizo na mwenyewe, na hizo ndizo zetu. Twenda Mama Ngina tukae chini ya mibuyu, tutazame meli zikiingia Kilindini, tule muhogo wa kuchoma uliopakwa ndimu na pilipili, tunywe madafu, kisha turudi majumbani kabla ya Magharibi.

Sisi ni wanawake saba tuliosoma chuo kimoja tangu tukibeba juzuu ya Amma vifuani, na kwa miaka mingi wikendi zetu zimekwenda hivyo. Ni starehe zisizo na gharama kubwa wala sifa ya kusimuliwa. Thamani yake ilidhihirika zaidi pale mmoja wetu alipofiwa na mumewe, akaingia eda.

Muda wa eda ya mjane umetajwa katika Suratul Baqara, aya ya 234, nao ni miezi 4 na siku 10. Ama mwenye mimba, eda yake humalizika kwa kujifungua. Kwa miezi ya mwandamo, muda huo ni kama siku 128, yaani Jumamosi 18. Katika siku hizo mjane hulala katika nyumba yake, huacha manukato, wanja, hina, dhahabu na nguo za pambo, wala hatoki ila kwa haja. Ni amri yenye hekima na heshima ndani yake, na mwenzetu aliipokea kwa moyo mkunjufu. Uzito ulikuwa katika jambo jingine ambalo halikuamrishwa na yeyote, nalo ni upweke.

Kila aliyewahi kufiwa anaijua nyumba ya msiba ilivyo. Siku tatu za mwanzo hapana pa kukanyaga. Majamvi yametandikwa hadi uani, masufuria ya majirani yanaingia na kutoka, Yasini zinasomwa, na mfiwa hapati hata nafasi ya kulia peke yake. Baada ya hitima majamvi hukunjwa. Jamaa wa Malindi na Lamu hurudi kwao, watoto hurudi shule, na siku ya kumi mjane huisikia saa ya ukutani ambayo hakuwahi kuisikia tangu aolewe. Watu hawakumsahau, kila mmoja anadhani mwenzake yuko naye.

Ilipofika Alhamisi ya kwanza baada ya hitima, palikuwa na rai mbili baina yetu. Wengine walisema si adabu kumtajia mwenzetu habari za matembezi ilhali yeye hawezi kutoka. Ni kumtonesha kidonda. Wengine walisema kumficha ni kumtoa katika kundi. Mkubwa wetu wa umri akaona ni bora aulizwe mwenyewe. Akaenda, akamuuliza, na jawabu aliyorudi nayo tunaikumbuka neno kwa neno: "Dada, msininyamazie. Nimefiwa, sikufa. Niambieni mwendako, na mkirudi mniambie mlichokiona."

Jawabu hiyo ndiyo iliyotupangia wikendi zetu zote zilizofuata. Tulikubaliana kwamba Jumamosi moja tutatoka kama ada, na Jumamosi ya pili tutakuwa kwake, baada ya Alasiri hadi karibu na Magharibi. Ile tunayotoka, tutamwambia mapema tunakokwenda, naye atatuagiza.

Kabla ya hapo tulitaka kujua mipaka, maana katika mambo ya eda watu huchanganya sheria na mila. Wako wanaodhani kuwa mjane hatakiwi kucheka, wala kupokea simu, wala kukaa na wenziwe isipokuwa kwa kulia. Ustadha wetu wa darsa alitutoa shaka kwa mambo mawili. La kwanza ni mapokezi kutoka kwa Mujahid, ambayo wanazuoni wameyataja katika mlango wa eda. Baada ya vita vya Uhud wajane wa mashahidi walimwendea Mtume (s.a.w.) wakalalamika kwamba usiku huwaingia ukiwa, nao ni majirani. Aliwaruhusu wakusanyike kwa mmoja wao na kuzungumza kadiri wapendavyo, na wakati wa kulala ukifika kila mmoja arudi kwake. La pili limo katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kinachotegemewa sana katika madhehebu yetu ya Shafii. Humo imeelezwa kwamba mjane anaweza kutoka mchana kwa haja kama kununua chakula, na usiku anaweza kwenda kwa jirani kwa kusokota nyuzi na kwa mazungumzo, kwa sharti kwamba arudi kulala nyumbani kwake.

Tulilitafakari sana neno hilo. Mafakihi, watu wa kupima kila lafudhi, wameyataja mazungumzo ya wanawake pamoja na haja za maisha, yakakaa mstari mmoja na kazi ya mikono. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba soga la wanawake ni kupoteza wakati. La kusengenya ni haramu, na hilo halina mjadala. Lakini mazungumzo ya kuliwaza moyo uliovunjika ni haja, kama unga na nyuzi.

Basi Jumamosi za kwake zikawa na taratibu zake. Asumini na udi tuliviacha majumbani, ili nyumba isinukie kitu ambacho yeye hawezi kukitumia. Hatukwenda mikono mitupu, wala hatukumwacha aingie jikoni kwa ajili yetu. Mtume (s.a.w.) zilipomfikia habari za kuuawa kwa Jaafar bin Abi Talib aliagiza watu waipikie chakula jamaa yake, kwa kuwa wamefikwa na la kuwashughulisha. Leo katika baadhi ya nyumba mambo yamegeuka, mfiwa ndiye akopaye ili awalishe wanaokuja kumpa pole. Sisi tuligawana: huyu analeta viazi vya karai, yule kaimati, mwingine birika la chai ya tangawizi. Mmoja wetu alikuwa akipika uji wa shayiri kwa maziwa na asali, kwa kufuata talbina ambayo Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akiamuru ipikwe unapotokea msiba, kwani alimsikia Mtume (s.a.w.) akisema kuwa huutuliza moyo wa mgonjwa na huondoa sehemu ya huzuni. Siku za mwanzo mwenzetu hakuweza kula ila uji huo, vijiko vitatu au vinne. Kufikia Jumamosi ya sita tulimwona akiomba achari ya maembe, tukatazamana.

Mikono nayo ilipewa kazi. Wawili kati yetu wanashona kofia za mkono, zile za vitobo vidogo vidogo vinavyozungushiwa uzi mmoja baada ya mwingine, kazi inayoweza kuchukua miezi kabla kofia haijavaliwa. Mwenzetu aliwahi kuijua kazi hiyo ujanani akaiacha. Akaomba kitambaa na sindano. Ilikuwa rahisi zaidi kwake kuzungumza macho yake yakiwa kwenye sindano kuliko kutazamwa usoni na watu sita wanaosubiri kuona kama atalia. Siku nyingine alilia, na sindano zikaendelea. Siku nyingine alisimulia namna marehemu alivyokuwa akichelewa kila mahali ila msikitini, na sote tukacheka, kisha tukamrehemu.

Yapo tuliyoyaepuka. Hatukumuuliza habari za mirathi, wala nani atakaa katika nyumba, wala kama ataolewa tena. Hayo yana wakati wake na wenye elimu yake, na mgeni anayeyaleta pamoja na kaimati huacha nyuma yake usiku usio na usingizi. Hatukumtaka aeleze tena jinsi mauti yalivyotokea. Wala hatukukaa hadi tukachosha: Magharibi ikikaribia, vyombo vimeoshwa, sakafu imefagiwa, tukaaga. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Na mwenyeji hawezi kupona ikiwa mgeni amemwachia masufuria.

Ama Jumamosi za kutoka, hizo ndizo zilizotushangaza. Tulidhani kwamba kumhadithia matembezi ni kumpa makombo ya starehe yetu. Ikawa yeye ndiye anayeifanya starehe hiyo iwe kubwa. Alituagiza tutazame kama maji yamejaa au yametoka. Alitaka kujua bei ya dafu, na kama yule mzee muuza muhogo bado anaweka pilipili nyingi bila kuulizwa. Tukienda barabara ya Biashara alitaka asomewe jina la kila leso, kisha akatoa hukumu yake kwamba hili ni zuri, na hili mtu akilivaa atakosana na wifi zake. Kwa sababu ya maagizo hayo tulianza kuitazama bahari kama watu watakaoulizwa. Tuliona rangi ya maji, tuliona watoto wakiruka, tuliona mengi ambayo kwa miaka tulikuwa tukikaa mbele yake na simu mikononi.

Hapo tulifahamu kwamba kumwambia rafiki "Jumamosi twenda mahali fulani" kuna uzito wake. Ni kumwekea nafasi. Asiyeweza kuja, akiambiwa, anajua kwamba nafasi yake ipo na haijakaliwa na mtu. Asiyeambiwa, hata kwa nia ya kumhurumia, anaanza kujizoeza kutokuwapo.

Na wasioweza kutoka si wajane peke yao. Yuko dada anayemuuguza mama yake na hawezi kumwacha saa moja. Yuko mzazi aliye ndani ya arubaini yake. Yuko yule ambaye nauli ya matatu ya kwenda na kurudi ni unga wa siku mbili, naye husema tu kwamba ana kazi. Kwa hawa wote, wikendi inaweza kubebwa hadi mlangoni kwao ikiwa ndani ya kikapu kidogo. Mtume (s.a.w.) aliwahutubia wanawake wa Kiislamu mahususi, akiwataka jirani asiidharau hidaya ya jirani yake ijapokuwa ni ukwato wa kondoo. Alimuusia Abu Dharri azidishe maji katika mchuzi ili majirani wapate. Na alifundisha kwamba hata kumkabili nduguyo kwa uso mkunjufu ni wema usiopaswa kudharauliwa. Mafundisho haya hayahitaji mshahara mkubwa. Yanahitaji mtu akumbuke.

Eda ya mwenzetu imekwisha. Kofia aliyoianza ilibaki nusu, na ameahidi kuimaliza apewe mwanawe mkubwa kabla ya Idi. Jumamosi zetu sasa zimebaki na mgawanyo ule ule, moja ya kutoka na moja ya kubisha hodi, kwani mtaani hakukosekani mlango uliofungwa kwa muda mrefu.

Leo ni Ijumaa, na kesho ni Jumamosi. Ndugu zetu, mama zetu na dada zetu, kabla hamjapanga mwendako, mtafuteni mmoja ambaye hataweza kuja, mumwambie. Muulizeni awaagize nini. Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awape subira waliobaki, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaoliwazana kwa ajili Yake. Amin.