Kutembea tu

Mwezi wa tisa, kabla ya mvua kuanza, nilimwomba Papa twende kutembea Mikembo, kaskazini-mashariki ya Lubumbashi, katika pori la miombo linalolindwa. Akaniuliza, "Tunaenda kutafuta nini kule?"

"Hakuna kitu, Papa. Kutembea tu."

Alicheka. Alikuwa hajawahi kuingia porini bila shoka.

Papa alikuwa mchoma makala. (Kamusi huandika makaa; kwetu makala ni yale ya kupikia, na pia ni haya unayosoma.) Sisi watu wa mjini tunaona gunia tu juu ya baiskeli. Hatuoni magogo yakipangwa, yakifunikwa majani na udongo, yakiwashwa, na mtu akilala kando yake siku nyingi. Udongo ukipasuka usiku na upepo ukaingia, asubuhi anakuta majivu. Minervali yangu, tangu shule ya msingi, ilitoka humo.

Njiani tulipita visiki kwa muda mrefu. Papa alitazama upande mwingine.

Ndani ya pori kulikuwa kimya kizuri. Majani machanga yalikuwa mekundu kama shaba, kama ilivyo kwa miombo msimu huo, na vichuguu vilisimama virefu kuliko sisi. Nilitaka tutembee polepole bila kuwaza lolote. Lakini Papa alisimama mbele ya mti, akainua macho, akasema chini chini, "Manne." Mbele ya mwingine, "Mawili." Kwanza sikumwelewa. Miti iko minne, haiwi manne. Ndipo nikatambua kwamba alikuwa akihesabu magunia.

Nilinyamaza. Halafu, ili asiendelee kuhesabu, nikamuuliza majina. Huu muputu. Huu mutondo, unaoliwa majani na wadudu tunaowala sisi. Huu mubanga, mgumu, mchwa hawauwezi. Nguzo za nyumba yetu ya kwanza zilikuwa za mubanga. Na huu mulombwa, ukiukata unatoa maji mekundu kama damu. "Huo sikupenda kuukata," alisema. "Lakini niliukata."

Majina hayo ni ya Kibemba, aliyapata kwa mama yake. Mimi nasoma lugha. Naweza kujaza kurasa nne juu ya ngeli ya M-/MI-, na maisha yangu yote nimeipita miti hiyo nikiiita miti. Aliyeikata ndiye anayejua kuiita kila mmoja kwa jina.

Chini ya muputu mmoja mkubwa sana Papa alikaa, akatoa mihogo na karanga. Nikangoja hesabu, haikuja. Mwishowe nikamuuliza mwenyewe: huu ungetoa mangapi?

"Usinihesabishe," alisema. "Kula."